Je, Wajua? Utafiti Mkubwa wa Kisukari Hauwezi Kufanywa na Kituo Kimoja

Kililana, upande wa bara wa Lamu, haina watu wa kutosha kufichua jeni zinazochangia kisukari cha aina ya pili. Mchango wa kila jeni ni mdogo mno, hivyo huhitajika maelfu ya watu, wagonjwa kwa wazima. Ndiyo sababu vituo vya Nigeria, Ghana na Kenya viliungana katika mradi wa utafiti wa kisukari uitwao AADM, cha Kenya kikiwa Eldoret. Ugumu wa kazi kama hii hauko maabara tu, bali pia katika kuelewana: dodoso liwe moja, na sukari ya damu ipimwe kabla mtu hajafungua kinywa. Mwaka 2019, sampuli za watu 5,231 zilionyesha mchango wa jeni iitwayo ZRANB3. Ilipozimwa katika samaki wadogo wa maabara, seli zinazotengeneza insulini zilipungua.

Hata hivyo, matokeo ya Eldoret si lazima yawe ya Lamu, kwani nasaba za watu hutofautiana. DNA ya mifupa ya kale ya Manda, jirani na Lamu, na miji mingine ya pwani, katika utafiti uliochapishwa 2023, ilidhihirisha nasaba ya Kiafrika iliyochanganyika na ya Kiajemi tangu takriban mwaka 1000. Pwani inastahili kituo chake.