Unayumba na macho hayaoni vizuri? Si kila mara ni presha

Unapima presha, iko sawa. Unapima malaria, hakuna. Fundi wa miwani amekubadilishia lenzi mara mbili na bado ukiangalia simu, maandishi ya katikati yamefifia. Umeme ukikatika usiku huko Mbagala au Tegeta, miguu inakuwa kama si yako, unashika ukuta.

Wengi wakifika hapo huambiwa wamechoka, wana mawazo, au wamerogwa. Inachosha kwelikweli, maana ukimtazama mtu kwa nje haonekani mgonjwa. Lakini upo ugonjwa unaofanana sana na maelezo hayo, na kwenye majarida ya kitabibu umeandikwa kwa jina la jiji letu.

Kilichoonekana Dar

Kuanzia karibu mwaka 1988, madaktari wa macho walianza kupokea vijana wa Dar es Salaam na maeneo ya pwani waliokuwa wakipoteza uwezo wa kuona, macho yote mawili, ndani ya wiki kadhaa. Hakuna maumivu, jicho si jekundu. Wengi walikuwa na umri wa kwenda shule au ndio kwanza wanaanza maisha.

Mwaka 1997 daktari Gordon Plant wa London na wenzake waliueleza ugonjwa huo kwa kina. Tatizo halikuwa kwenye lenzi ya jicho, lilikuwa kwenye mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni kwenda kwenye ubongo. Baadhi ya wagonjwa walikuwa pia na ganzi au miguu inayowaka, na wengine masikio yalipungua kusikia. Mwaka uliofuata ikachapishwa taarifa ya watoto wa shule za msingi hapa hapa Dar wenye tatizo hilo hilo.

Dalili yake ina ujanja. Mgonjwa anatembea mtaani vizuri tu, hagongi watu, kwa sababu pembeni anaona. Kinachopotea ni katikati: sura ya mtu, herufi za ubaoni. Rangi nazo zinapauka, hivyo ule mstari wa ubavuni mwa daladala unaokuonyesha gari linakwenda wapi unaanza kukuchanganya.

Ndiyo maana miwani haisaidii. Kuna kipimo rahisi cha kliniki: unachungulia herufi kupitia kitundu kidogo. Tatizo likiwa la lenzi, herufi zinakuwa wazi zaidi. Likiwa la mshipa, kitundu hakisaidii.

Chanzo ni nini? Jibu la mkato halipo. Utafiti wa Dar uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha ugonjwa huu na upungufu wa folate, vitamini iliyomo kwenye mboga za majani na maharage, pamoja na moshi wa ndani ya nyumba. Cuba nako, miaka ya 1992 na 1993, zaidi ya watu 50,000 walipata ugonjwa unaofanana na huu wakati nchi ikiwa na uhaba mkubwa wa chakula. Serikali iligawa vitamini kwa wananchi wote na wagonjwa wapya wakapungua. Hapa kwetu wagonjwa hupewa vitamini za kundi B, ila hakuna dawa iliyothibitishwa kurudisha macho yaliyokwisha kuharibika. Kwa hiyo miezi sita ya kuzunguka maduka ya dawa ni hasara kubwa.

Na kuyumba je?

Mwili unasimama wima kwa msaada wa vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na hisia za nyayo. Ubongo unakusanya taarifa zote na kurekebisha misuli. Kimoja kikiharibika, viwili vinabeba mzigo. Mwenye ganzi miguuni anategemea macho, ndiyo maana gizani, au akifumba macho wakati wa kunawa uso, anataka kuanguka. Macho nayo yakiwa mabovu, amebaki na kimoja.

Hii ni tofauti na kile kizunguzungu cha nyumba kuzunguka kwa sekunde chache unapogeuka kitandani. Hicho mara nyingi ni vichembe vidogo vilivyohama kwenye sikio la ndani, na daktari wa masikio, pua na koo anaweza kukitibu kwa kukugeuzageuza kichwa kwa mpangilio maalumu, bila kidonge hata kimoja.

Usisahau dawa unazotumia. Ethambutol ya kifua kikuu inaweza kugusa mshipa wa macho, isoniazid inaweza kuleta ganzi miguuni, na sindano za streptomycin zinaweza kuharibu sikio la ndani. Metformin ya kisukari ikitumika kwa muda mrefu inaweza kushusha vitamini B12. Usiache dawa kimyakimya. Rudi kliniki uliyopewa ukaseme, watajua cha kubadilisha. Na gongo iliyochanganyika na methanol hupofusha watu, hilo halina mjadala.

Uende wapi

Anzia zahanati au kituo cha afya, lakini usiishie kwenye dawa za kutuliza. Omba barua ya rufaa. Wa Kinondoni wana Hospitali ya Mwananyamala, wa Temeke wana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Juu yake ipo Muhimbili, na jirani yake MOI wanaoshughulika na ubongo na mishipa ya fahamu. Kwa macho ipo pia CCBRT, Msasani. Barua hiyo itunze, pamoja na majibu yote ya vipimo, hata yale yaliyosema "hakuna tatizo". Bila hayo kila daktari anaanza upya na wewe unalipa upya.

Kitu kimoja hakisubiri rufaa. Ukianza kuyumba au kupoteza kuona ghafla, huku uso umepinda, ulimi mzito au mkono mmoja hauna nguvu, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Ukiingia kwa daktari, neno "kizunguzungu" peke yake halitoshi, kwa sababu kila mtu analitumia kwa maana yake. Sema kinachotokea: nyumba inazunguka, au miguu haikubebi? Kimeanza lini, jicho moja au yote? Rangi nyekundu bado ni nyekundu? Gizani inazidi? Umepungua uzito? Unakula nini kwa siku? Swali la chakula watu huliona la aibu na kulijibu "vizuri tu." Kama ni ugali na chai kavu tangu mwezi uliopita, sema hivyo hivyo.