Sabuni Hailainishi Jiwe

Tangu mvua zianze nimeulizwa swali hili mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa hapa Litein, mbele ya gari ambalo tayari limeharibika: "Fundi, nitumie sabuni gani na ile sponji ya kijani ili isikwaruze rangi?" Aliyeuliza ni mwalimu mstaafu. Mwanawe alikuwa amelisugua gari jeusi la familia kwa sponji ya sufuria, akitoa tope la barabara ya kwenda kituo cha kununulia majani chai. Nilimjibu kwamba hakuna sabuni ya namna hiyo. Akaniuliza: je, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo? Hapo ndipo nilipoona heri niandike.

Imani yenyewe ni kwamba sponji ikilowa vizuri na kujaa povu hulainika. Kweli, upande wa njano hulainika. Upande wa kijani ni nyuzi za nailoni zilizopakwa gundi, na ndani ya gundi mna chembe za madini makali. Kwa kawaida madini hayo ni oksidi ya alumini. Yakuti nyekundu inayochimbwa kule Taita Taveta ni oksidi hiyo hiyo, ila imekua kuwa fuwele safi na ikapata wekundu kwa kromu kidogo. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, almasi iko 10 na yakuti iko 9. Kioo cha gari kiko kati ya 5 na 6. Rangi ya gari haifiki hata hapo, kwa sababu tabaka lake la juu kabisa, lile lisilo na rangi ambalo sisi mafundi tunaliita klia, ni aina ya plastiki. Sasa nani amewahi kuona yakuti ikilainishwa na sabuni ya kipande?

Kazi ya povu ni kuteleza. Mkono unaona wepesi, mtu anaamini sponji imekuwa laini, kumbe chembe ziko pale pale na zinachimba kama kawaida. Wengine huniambia, "Hii yangu ni kuukuu, imetumika jikoni hadi ikaisha makali." Haijaisha. Nyuzi zimelegea, lakini chembe nyingi bado zimeshika, na juu yake kuna masizi na mchanga wa sufuria.

Wasioniamini waingie karakana yoyote ya kupiga rangi. Rangi mpya haishiki juu ya uso unaong'aa, kwa hiyo kabla ya kupuliza lazima tuukwaruze uso huo makusudi, uwe na mikwaruzo mizuri ya kushikilia rangi. Tunatumia msasa, na penye kona na mikunjo tunatumia kitambaa kikavu cha kusugulia chenye rangi ya damu ya mzee. Hicho ni ndugu wa kile cha kijani cha jikoni: nyuzi zile zile, chembe za jamii ile ile. Kwa maneno mengine, kila Jumamosi watu wanayaandaa magari yao kwa rangi mpya ambayo hawajainunua.

Basi kwa nini imani hii haifi? Kwa sababu gari lililolowa halionyeshi kosa. Maji hujaza mikwaruzo, mwanga unapita bila kutawanyika, na gari linameremeta mbele ya mwenyewe anapotoa pesa. Likikauka juani, utando wa buibui unajitokeza kuzunguka kila taswira ya jua. Kwenye gari jeupe hata huo hauonekani kwa urahisi, na huku kwetu magari meupe na ya fedha ni mengi, kwa hiyo mtu anaweza kuliharibu gari miaka mitatu akiapa kwamba hakuna kilichotokea. Klia kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50, yaani sehemu 40 hadi 50 za elfu moja ya milimita. Ni nyembamba kuliko unywele. Ndani yake mna kinga dhidi ya miale ya jua, na sisi tuko karibu na ikweta, tena nyanda za juu ambako miale hiyo ni mikali. Klia ikiisha, rangi hufifia, kisha hubanduka kama ngozi iliyoungua.

Ile dawa ya kupaka dizeli au mafuta ya taa ili gari "lirudishe rangi" inafanya kazi ile ile ya maji: inajaza mikwaruzo kwa siku mbili. Kisha inashika vumbi, na vumbi hilo litasuguliwa tena wiki ijayo.

Taa za mbele ndizo zinazoniuma zaidi. Si kioo, ni plastiki yenye ngozi nyembamba ya kuikinga na jua. Ukiisugua kwa sponji ya kijani ili kutoa umanjano, unaitoa ngozi hiyo. Taa inaonekana safi kwa muda, halafu inakuwa na ukungu mbaya kuliko wa mwanzo. Barabara ya Kericho kwenda Sotik usiku, kukiwa na mvua na watu wanaotembea pembeni, si mahali pa kuendesha gari lenye taa zilizofifia. Kioo cha mbele nacho kisiguswe: yakuti inakikwaruza, na mikwaruzo hiyo hutawanya taa za gari linalokuja.

Cha kufanya ni hiki. Tope halisuguliwi, linaloweshwa: mwagia maji, subiri dakika kumi, mwagia tena, ndipo uguse. Tumia kitambaa cha mikrofaiba, ukianza paani ukishuka. Weka ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Kikianguka chini, kiache huko. Kinyesi cha ndege funika kwa kitambaa kibichi hadi kilainike. Lami itoe kwa tone la mafuta ya taa kwenye kitambaa laini, kisha osha hapo hapo kwa sabuni. Sponji ya kijani peleka kwenye magurudumu ya mpira na mikeka ya miguuni, basi.

Kama umeshasugua, pitisha ukucha ukivuka mkwaruzo. Ukucha usipokwama, fundi mwenye mashine anaweza kuung'arisha kwa kompaundi, lakini kila akifanya hivyo anapunguza klia, kwa hiyo si jambo la kila Krismasi. Ukikwama, ni rangi mpya. Wa mwalimu ulikwama kwenye boneti na mlango mmoja. Paa limepona kwa sababu kijana hakulifikia.