Kompyuta na Kilo Zetu: Tuhakikishe Kwanza

Mizani ya kielektroniki tunayopimia kahawa hapa Nyeri huhesabu ndani yake kwa 1 na 0 tu. Hebu tufikirie mawe ya mizani: kilo 8, 4, 2 na 1. Jiwe likiwekwa tunaandika 1, likiachwa 0. Basi 1101 ni 8+4+1, yaani kilo 13.

Vijana wetu wanaojifunza Python, lugha ya kompyuta, huandika int("1101", 2) wakapata 13. Kurudi nyuma, bin(13) hutoa 0b1101. Hiyo 0b ni alama tu. Lakini wakisahau ile 2, kompyuta itasoma 1,101! Mkulima wa kilo 13 akiandikiwa 1,101, nani atalipa? Tujumlishe kwa mkono kwanza, ndipo mweka hazina atie sahihi.