VISIWA VYA WATAMU NA SAA YA BAHARI

Wageni wawili waweza kufika Watamu siku moja, na jioni wakabishana. Aliyeshuka pwani saa nne asubuhi atasema kwamba vile visiwa vya karibu ni majabali yaliyosimama juu ya mchanga, naye ameyazunguka kwa miguu. Aliyeshuka saa kumi alasiri atasema kwamba ni mawe yaliyo katikati ya maji, wala asiye na chombo hawezi kuyafikia. Ikiwa siku yenyewe ni ya bamvua, wote wawili wamesema kweli.

Watamu iko katika Kaunti ya Kilifi, maili 15 hivi kusini ya Malindi. Atokaye Mombasa huiacha barabara kuu hapo Gede. Visiwa vya ghuba zake ni vidogo, vya jiwe la matumbawe lililoliwa na mawimbi kwa chini, hata vingine vimekuwa na umbo la uyoga. Havina maduka wala nyumba. Mtu huviendea kwa ajili ya yale ambayo bahari huyafunua ikipwa, na kwa hiyo yampasa kwanza kuijua saa ya bahari.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake katika pwani ya Kenya yaweza kufika karibu meta 4. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, na hapo mwamba haufunuki sana. Mvuvi hahitaji kusoma habari hizi katika karatasi, lakini mtu wa bara akija bila kuzijua hupoteza nauli yake, na pengine zaidi ya nauli.

Maana maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huja polepole, na mtu aliyeinama akitazama pweza katika kidimbwi hudhani kwamba ana nafasi tele. Saa ya tatu na ya nne huja kwa kasi, na njia ya mchanga aliyopita kwa miguu mikavu yaweza kuwa mkondo. Afadhali kugeuka mara maji yanapoanza kurudi, pasipo kungoja yafike magotini. Viatu navyo ni lazima, kwa kuwa mwambani wamo wanyama wenye miiba mirefu myeusi, na samaki mmoja afananaye na jiwe ambaye miiba yake ina sumu.

Penye kinywa cha Mida kiko kisiwa kingine, ambacho watalii hukiita Whale Island, yaani Kisiwa cha Nyangumi. Kati ya Juni na Oktoba ndege waitwao buabua, wa jamaa ya shakwe, hutaga huko juu ya jiwe tupu. Hawajengi kiota. Mtu akipanda, ndege wote huruka, na mayai hubaki katika jua kali au huliwa. Kwa hiyo miezi hiyo kisiwa hutazamwa kutoka chomboni tu. Si adhabu, kwani ndege huonekana vizuri zaidi wakiwa wametulia.

Bahari ya hapo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1968, na kuvua samaki ndani yake ni marufuku. Zipo mashua zenye kioo chini ambazo humwonyesha matumbawe na samaki hata yule asiyejua kuogelea. Matumbawe ni viumbe hai. Kipande kikivunjwa kwa nanga au kwa unyayo huchukua miaka mingi kukua tena.

Ndani ya hori ya Mida maji hutulia, na mikoko imekizunguka kisiwa cha Kirepwe. Hapa saa njema ni kinyume cha ile ya pwani: maji yanapojaa, ndege waliokuwa wametawanyika mbali matopeni husogezwa karibu na mtazamaji. Miongoni mwao yupo mmoja mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene, chakula chake kaa. Hutaga katika mashimo afukuayo mchangani huko Oman na pwani nyingine za kaskazini, kisha huja Mida kukaa miezi mingi. Yeye naye, kama majahazi ya zamani, huijua njia ya Arabuni.

Kuwatazama ipo njia ya mbao inayoning'inia kati ya mikoko hata kwenye kibanda kilicho ukingoni mwa maji. Ada ya kupita huingia katika mpango ulioanzishwa mwaka 2001 na chama cha A Rocha Kenya, wa kuwalipia karo ya sekondari watoto wa jamaa zinazokaa kando ya Mida na ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Miti ile ile ambayo zamani ilikuwa na thamani ya boriti na kuni tu, sasa ikiwa imesimama humsomesha mtoto.

Atakaye kuyaona yote mawili kwa siku moja na aichague siku ya bamvua: asubuhi aende visiwani, alasiri Mida. Usiku wa kuamkia safari na amwulize nahodha saa ya maji, kisha aandamane naye.