Kilichoachwa Nje ya Picha za Joy Adamson

Wengi wanamjua Joy Adamson kwa simba wake Elsa na kitabu cha Born Free cha 1960. Kabla ya hapo alikuwa mchoraji wa rangi za maji. Alianza na maua, na mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi. Picha nyingi kati ya hizo zimehifadhiwa Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, pale Museum Hill, ukitoka katikati ya jiji kwenda Westlands. Sisi tulio ughaibuni huzikimbilia tunapotaka kuwaonyesha watoto asili yao, na ndiyo maana inafaa tuzisome kwa makini: zimebeba hoja ya kisiasa iliyojificha.

Tazama zilivyochorwa. Shanga zimefuatwa moja baada ya nyingine, ngozi ina mikunjo yake, ndewe za masikio zimevutwa na uzito wa mapambo. Lakini nyuma ya mtu, katika picha nyingi, ni karatasi tupu. Hakuna boma, hakuna barabara, hakuna mji. Na miaka hiyo haikuwa shwari hata kidogo. Mei 1950, baada ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai kukamatwa, wafanyakazi wa Nairobi waligoma kwa siku kadhaa. Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari kwa sababu ya uasi wa Mau Mau. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, askari waliuzingira mji na watu zaidi ya 20,000 wakatiwa vizuizini. Waliodai mishahara na ardhi walitoka katika jamii zilezile ambazo serikali ilikuwa ikilipa zichorwe kama masalia ya zamani. Na mtu akishahesabiwa kuwa wa zamani, nani atamsikiliza akidai kura?

Atakayebisha atasema Adamson hakukusudia siasa, aliona mila zinapotea akataka kuziokoa. Nakubali, na nyuso alizochora zina heshima kubwa. Ila nia ya mchoraji haifuti haja ya aliyeagiza kazi, na aliyeagiza hakutaka karani wala fundi wa reli. Mwingine atasema karatasi tupu ni mazoea tu ya mchora mimea. Ni kweli, na hapo ndipo penye uzito. Ua huchorwa peke yake ili aina yake itambulike. Mtu akichorwa kwa utaratibu huohuo, naye anageuka aina: Mmasai, Mturkana, Mkikuyu, asiye na jirani wala mwajiri wala madai.

Sisemi ziondolewe. Zimetunza maarifa ya mapambo ambayo vizazi vingi vitayahitaji. Ningependa zitundikwe sambamba na picha za Nairobi ya miaka hiyohiyo, na kila moja ieleze ilichorwa lini na nani aliilipia. Nasi tunaozisambaza mtandaoni tuanze kuandika hayo mawili chini yake.