Kwa nini dashibodi yasema 220 wakati sheria yasema 80?

MWAKA 2021 Jiji la Kigali lilizifunga baadhi ya barabara za Biryogo zisipitishe magari, na meza za chai zikawekwa palipokuwa njia ya magurudumu. Hata hivyo, hadithi za magari hazikwishi mezani, hasa kwa wanaosafiri kwenda Rusumo na Gatuna kutafuta riziki. Swali ni moja: ikiwa sheria ya Rwanda hairuhusu kuzidi kilomita 80 kwa saa, kwa nini dashibodi iandikwe 180 au 220?

Jibu la kwanza liko kwenye vilima vyetu. Gari la kilo 1,500 likipanda mlima unaoinuka mita 8 kwa kila mita 100, linahitaji nguvu zaidi ya mara nne ya ile inayotosha tambarare kwa mwendo uleule. Injini hutengenezwa ili iweze kupanda, kubeba mzigo na kulipita lori upesi. Gari likifika tambarare, nguvu iliyobaki hugeuka kuwa kasi.

Jibu la pili ni soko. Gari la aina moja huuzwa katika nchi nyingi, na Ujerumani ina sehemu za barabara kuu zisizo na kikomo cha mwendo. Hata Japani, ambako kwa miaka mingi kikomo kilikuwa kilomita 100, watengenezaji walikubaliana wenyewe kuishia 180.

Serikali hazikukaa kimya. Kuanzia Februari 2004, Kenya ililazimisha matatu na mabasi kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80. Rwanda ilifuata mwaka 2015, ikiweka kikomo cha 60 kwa magari ya abiria na malori. Gari binafsi halikufungwa kifaa hicho. Linaviziwa na kamera, ambazo madereva wamezibatiza jina la Sofia. Ulaya nayo, tangu Julai 2024, kila gari jipya linalouzwa lazima liwe na mtambo wa kumwonya dereva anayezidisha mwendo, lakini dereva bado anaweza kuupuuza.

Msafiri ajue pia kwamba kidhibiti hubana mafuta tu, hakikanyagi breki. Kwenye mteremko, uzito wa abiria na magunia hulisukuma basi lenyewe. Hapo kinachookoa ni gia ndogo na dereva mwenye subira.

Tupige hesabu ya mfanyabiashara. Kutoka Kigali hadi Rusumo ni kilomita 160 hivi. Basi likienda 80 badala ya 60 njia nzima, utaokoa dakika 40. Lakini likigonga, kishindo chake kitakuwa kimeongezeka kwa karibu asilimia 78.

Kwa hiyo ukiona mshale unapanda kwenye mteremko, usione haya kumwambia dereva apunguze. Soko la Rusumo litakusubiri dakika 40.