Mbwa Wetu Anaogopa Gari, Tufanyeje?

Familia nyingi zinafuga mbwa wa kulinda nyumba. Lakini kituo cha chanjo ya kichaa kikiwa mbali na inabidi kupanda gari, hapo kazi inaanza! Mbwa anatetemeka, anafyata mkia, anatapika. Ukimbeba kwa nguvu anaweza kukuuma hata wewe. Basi wengine wanamwacha bila chanjo, na hatari inabaki kwa watoto wetu.

Mbwa huyo si mkaidi, anaogopa. Mngurumo, harufu ya mafuta na kutikisika ni vitu vigeni kwake. Mzoesheni polepole, siku nyingi kabla. Kama hamna gari, mwombeni dereva mnayemfahamu akiwa amepaki.

1. Gari likiwa limezimwa, mpeni chakula karibu nalo. Kila siku msogee kidogo.
2. Akizoea, mpandisheni na kumlisha humo ndani. Siku nyingine dereva awashe injini bila kuondoka.
3. Halafu mwendo mfupi tu, mrudi nyumbani.
4. Siku ya safari asile masaa machache kabla. Afungwe kamba, akae na mtu aliyemzoea.

Akiogopa, rudini hatua moja nyuma. Msimpige, kipigo kinaongeza woga.

Na mbwa yeyote akimuuma mtu, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje dalili, maana kichaa kikishaonekana kwa mtu, ni vigumu sana kupona.